Mtoto Hujifunza Kula kwa Kula

Ndugu msomaji, tuanze na jambo ambalo huenda umewahi kuliona kijijini kwako. Ni saa moja jioni. Mama amemlaza mapajani mtoto wake wa miaka minne. Mtoto amelala chali, anatazama paa. Miguu yake imekakamaa na mikono yake imejikunja kifuani. Mama anamimina uji mdomoni kwa kikombe. Mtoto anakohoa, anapaliwa, machozi yanamtoka. Mama anangoja kidogo, kisha anamimina tena. Saa nzima inapita na bakuli halijafika hata nusu. Majirani wanatikisa vichwa na kusema, "Mtoto huyu hajui kula."

Hapa hatumsemi mtu fulani. Tunasema jambo linalotokea katika nyumba nyingi, mijini na vijijini. Mama yule anampenda mwanawe, na amechoka. Lakini hajaonyeshwa namna nyingine ya kumlisha, na mtoto yuko hatarini. Mtu akimezeshwa huku kichwa kimelala nyuma, chakula huweza kuingia katika njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Kikifika mapafuni huleta homa ya mapafu. Homa ya mapafu na utapiamlo huua watoto wengi wenye ulemavu wa namna hii, kuliko ulemavu wenyewe.

Habari njema ni kwamba hatari hii inaweza kupunguzwa kuanzia leo jioni, tena bila fedha. Mwinue mtoto akae, kichwa chake kiinamie mbele kidogo, na utumie kijiko badala ya kumimina. Kitendo hicho kidogo ni mwanzo wa tiba tunayotaka kuizungumzia leo. Tiba hiyo inaitwa tiba kwa vitendo.

KAZI YA MTOTO NI IPI?

Ukimwuliza mzee wa Rungwa kazi yake, atakuambia analima, anafuga, au anarina asali. Sasa jiulize, mtoto naye ana kazi gani? Kazi yake ni kula, kunawa, kuvaa, kwenda chooni, kucheza na wenzake, na baadaye kusoma na kusaidia kazi za nyumbani. Kwa kazi hizo ndipo mtoto anapokuwa mtu mzima. Mtoto anayeshindwa kuzifanya kwa sababu ya viungo au fahamu zake anahitaji kufundishwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa kutumia kazi hizo hizo.

Tiba kwa vitendo haina sindano wala vidonge. Ilianza kwa watu wazima. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chama cha kwanza cha wataalamu wake kiliundwa Marekani, na askari waliojeruhiwa walisaidiwa kurudia maisha kwa kupewa kazi za mikono. Baadaye ikaonekana kuwa inawafaa watoto pia. Hapa Tanzania wataalamu wake hufundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kwa Kiswahili wanaitwa watoa tiba kwa vitendo. Idadi yao bado ni ndogo, na wengi wapo katika miji mikubwa.

Rungwa iko mbali na miji hiyo. Kutoka Itigi, penye stesheni ya reli ya kati, ni safari ndefu ya kuelekea kusini kupita porini, katika barabara iendayo Makongolosi na Chunya. Mama wa Rungwa hawezi kumpeleka mtoto hospitali kubwa kila wiki. Kwa hiyo hatuna budi kuielewa tiba hii, ili sehemu yake kubwa ifanyike nyumbani.

CHANZO SI UCHAWI

Ulemavu tunaouzungumzia hutokana zaidi na ubongo kudhurika wakati mtoto yuko tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya kwanza. Wataalamu huuita mtindio wa ubongo. Sababu zake ni nyingi. Mtoto anaweza kukosa hewa wakati wa uzazi uliochukua muda mrefu, au kuzaliwa kabla ya miezi kutimia. Anaweza kupata umanjano mkali siku za kwanza, malaria iliyopanda kichwani na kuleta degedege, au ugonjwa wa uti wa mgongo. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa.

Haitokani na laana, wala na mama kukosea mila. Ni jambo la kusikitisha kwamba kuna familia zilizouza mbuzi na mahindi yote kulipia kafara, na kuna akina mama walioachwa na waume zao kwa kosa ambalo hawakulifanya. Wakati huo wote mtoto amelala ndani, naye anapoteza miaka ambayo ubongo hujifunza kwa urahisi zaidi.

Jambo lingine la kukumbuka ni hili. Wengi hudhani kila mwenye mtindio wa ubongo hana akili. Si kweli. Wapo watoto wasioweza kutembea wala kusema, lakini wanaelewa yote yanayosemwa mbele yao. Kwa hiyo zungumza naye, na usimseme vibaya akisikia.

DALILI ZA KUANGALIA MAPEMA

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja, lakini kuna mipaka. Mpeleke mtoto zahanati ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Ametimiza miezi minne na shingo yake bado haijakaza, au ngumi zake zimefumbwa daima.

2. Ametimiza miezi tisa na hawezi kukaa bila kushikwa.

3. Hajatimiza mwaka mmoja na tayari anatumia mkono mmoja tu, mwingine ameuacha.

4. Ametimiza mwaka mmoja na nusu na hajatembea.

5. Mwili wake umelegea sana kama kitambaa, au umekakamaa na miguu hupishana kama mkasi.

6. Hupaliwa karibu kila anapokula.

7. Amepoteza jambo alilokuwa akiliweza.

Usingoje kwa kuambiwa kwamba "ataanza tu." Chukua kadi ya kliniki na uende. Kama amechelewa bure, hujapoteza kitu. Kama ana tatizo, umempatia muda.

KUNYOOSHA VIUNGO PEKE YAKE HAKUTOSHI

Wazazi wengi huamini kwamba tiba ni kumkanda mtoto mafuta na kumvutavuta miguu kila asubuhi. Kukanda kwa upole si vibaya, humtuliza mtoto na mzazi. Lakini wataalamu wamejifunza kwamba mtoto hapati ujuzi kwa kufanyiwa. Anaupata kwa kufanya mwenyewe, mara nyingi, kitendo anachokihitaji. Hujifunza kula kwa kula, na kuvaa kwa kuvaa. Ni kama kuendesha baiskeli. Hakuna aliyejua baiskeli kwa kukandwa miguu.

Kwa hiyo chagua kitendo kimoja ambacho kingefaa nyumbani kwenu. Kigawe katika hatua ndogo. Mwache mtoto afanye hatua anayoiweza, nawe umsaidie zile zilizobaki. Akiizoea, mwongezee nyingine. Sasa tutazame mambo machache, moja baada ya jingine.

KULA. Mtoto akae wima, nyonga zimerudi nyuma, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu. Kaa mbele yake, macho yenu yaonane. Leta kijiko kidogo kutoka mbele na chini, si kutoka juu, maana kikitoka juu atainua kichwa. Weka chakula kidogo, kisha ngoja ameze. Mtoto anayepaliwa humeza vizuri zaidi uji mzito kuliko mwepesi, kwa sababu mwepesi hukimbia haraka kooni. Akimaliza kula, abaki amekaa kwa muda wa nusu saa. Mtoto wa namna hii huchoka mapema, hivyo mpe chakula kidogo mara nyingi. Ongeza karanga zilizosagwa laini na mafuta ya alizeti katika uji wake ili kila kijiko kiwe na nguvu. Asali, ambayo Rungwa tunayo, asipewe kamwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, mwenye ulemavu au asiye nao, kwani inaweza kuleta sumu ya kulegeza misuli.

Akitaka kushika kijiko mwenyewe, mshukuru Mungu, hata akijimwagia. Funga mpini wa kijiko kwa kitambaa au kipande cha mpira wa baiskeli ili uwe mnene na usiteleze. Shika mkono wake kwa nyuma umwongoze hadi mdomoni. Baada ya siku nyingi, mwachie ile hatua ya mwisho aimalize peke yake. Kisha hatua mbili. Hivyo hivyo hadi safari nzima iwe yake.

KUKAA. Asiyeweza kukaa hawezi kutumia mikono, maana mikono yote ina kazi ya kumzuia asianguke. Mweke kwenye pembe ya kuta mbili, au ndani ya boksi imara lenye nguo zilizokunjwa pembeni. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti kidogo chenye egemeo, mkanda wa kitambaa kiunoni na meza mbele. Kama mbao ni ghali, kiti kinaweza kutengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, kisha kikaushwe juani hadi kiwe kigumu. Ufundi huu ulienea kutoka Zimbabwe kwa juhudi za Bevill Packer. Ukikitengeneza, kilinde na mvua na mchwa. Asiachwe kitini siku nzima. Mbadilishie mkao mara kwa mara asipate vidonda.

KUBEBA. Mbeleko yetu ni chombo kizuri. Mtoto ambaye miguu yake hupishana kama mkasi akibebwa mgongoni au ubavuni, miguu imepanuliwa huku na huku, misuli yake hulegea. Usimbebe amenyooka kama gogo. Lakini akiwa mgongoni daima, hachezi wala hashiki kitu. Apewe muda wa kukaa na wa kuwa chini kwenye mkeka.

KUVAA. Tumia nguo pana na kaptula yenye mpira kiunoni. Wakati wa kuvaa, anza na mkono ulio dhaifu. Wakati wa kuvua, anza na mkono wenye nguvu. Ukikumbuka kanuni hiyo, vita vya kila asubuhi vitapungua.

MIKONO. Mtoto mkubwa kidogo apewe kazi za kweli kwa kadiri yake, kama kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kumenya karanga, kufinyanga udongo. Kazi hizi huhitaji mikono miwili, na mkono dhaifu hujifunza kwa kuusaidia wenzake. Aliye na tabia ya kutia kila kitu mdomoni, au anayepaliwa, asiachwe peke yake na punje wala karanga.

KUSIMAMA NA KUTEMBEA. Chimbia nguzo mbili na ufunge miti miwili sambamba kwa urefu wa kiuno chake, ashike kulia na kushoto. Usimlazimishe kutembea kwa ncha za vidole huku umemning'iniza kwa mikono. Kama kisigino hakigusi chini, mwonyeshe mtaalamu.

MTOTO ANAYEITWA MKOROFI

Wapo watoto wengine ambao viungo vyao havikupooza, lakini nyumbani wanaitwa wakorofi au wajinga. Mmoja analia akiguswa na maji, hataki kukanyaga mchanga, na hula chakula cha aina moja tu. Mwingine huziba masikio ngoma ikilia. Mwingine hatulii, hujigonga ukutani, huanguka ovyo, na akiumia halii.

Tumefundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu. Kuna fahamu nyingine mbili ambazo hatuzitaji mara kwa mara. Moja ni mizani iliyo ndani ya sikio, inayotuambia kama tumesimama au tunaanguka. Nyingine ni hisia ya misuli na maungio. Fumba macho sasa hivi, ndugu msomaji, na uinue mkono mmoja. Unajua mkono uko wapi ingawa huuoni. Hiyo ndiyo hisia tunayoisema. Mmarekani A. Jean Ayres, aliyekuwa mtoa tiba kwa vitendo, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1960 na 1970 kwamba kuna watoto ambao ubongo wao haupangi vizuri habari zinazotoka katika fahamu hizi. Kwa mmoja, mguso mdogo ni kama kuchomwa. Kwa mwingine, mguso mkubwa ni kama haupo. Mtoto wa namna hiyo hafanyi makusudi, na fimbo haitamponya.

Kwanza, mwambie kabla hujamgusa, kisha mguse kwa kiganja kizima na kwa uthabiti. Kugusa kwa vidole vyepesi humsumbua zaidi. Pili, asiyetulia mpe kazi inayotumia misuli kabla ya kumtaka akae: kubeba ndoo ndogo ya maji, kusukuma toroli, kusaidia kutwanga. Wengi hutulia baada ya hapo. Tatu, bembea ya kamba mtini humsaidia mwenye shida ya mizani. Msukume polepole, na uache mara anapoogopa au kusikia kichefuchefu. Nne, jambo analolichukia mzoeshe kidogo kidogo. Leo aguse mchanga kwa kidole, kesho kwa kiganja. Usimtumbukize kwa nguvu. Daima unganisha mchezo na kitendo anachohitaji, kama kuoga, kula, au kukaa darasani. Kucheza bembea bila kulenga jambo hakumfikishi mbali.

KIFAFA NA MOTO

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupata pia kifafa. Dawa zake zipo na zinasaidia. Zitolewe kila siku kama mganga alivyoagiza, wala zisikatishwe kwa sababu mtoto amepata nafuu. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, kimbilia kituo cha afya. Nyumba yenye mtoto huyu iinue jiko la mafiga au ilizungushie kizuizi, kwa maana moto umewajeruhi wengi.

WAPI PA KUPATA MSAADA

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na kadi ya kliniki. Kwa watu wa Rungwa, hospitali kubwa iliyo katika njia yao ni ile ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Ukifika, usiombe dawa tu. Uliza hivi: "Naomba nionyeshwe namna ya kumlisha, kumkalisha na kumfundisha mtoto huyu nyumbani." Mwombe mtaalamu akufanyie mbele yako, kisha nawe ufanye mbele yake. Kama una simu, omba ruhusa upige picha ili baba na bibi nao waone. Mtoto akihitaji viatu maalumu au vifaa vya miguu, KCMC Moshi ina chuo cha mafundi wa vifaa hivyo tangu mwaka 1981. Dar es Salaam kuna CCBRT, iliyoanza mwaka 1994.

Kuhusu shule, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wenzake. Mwalimu amkalishe mbele, meza iwe ya kimo chake, na apewe muda zaidi wa kuandika. Serikali ya kijiji ihakikishe njia ya chooni inapitika.

KAZI HII SI YA MAMA PEKE YAKE

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo kwa mikono yao. Hawakungoja daktari aje kuwachimbia. Moyo ule ule unafaa hapa. Wazazi watatu au wanne wenye watoto wa namna hii wakikutana mara moja kwa wiki, atakayetoka Itigi atawafundisha wengine alichoonyeshwa. Baba atafunga ile miti miwili sambamba. Kaka na dada watacheza naye. Bibi atamkalisha wakati wa chakula ili mama apumzike, maana mama aliyechoka hawezi kufundisha.

Hatutaki kukudanganya, ndugu msomaji. Tiba hii haiondoi dhara lililo katika ubongo. Mtoto mwingine hatatembea maisha yake yote. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayelishwa akiwa chali gizani, na mtoto aliyekaa uani pamoja na wenzake, kijiko mkononi, uji kidevuni, akila mwenyewe. Huyu wa pili ana kazi yake, na watu wa kwao wanamwona.

Leo jioni, kabla ya uji, mwinue akae.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni hatari kumlisha mtoto akiwa amelala chali?

2. Je, kijijini kwetu kuna mtoto anayefichwa ndani? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na atawaambia nini?

3. Taja vitu vitano vilivyopo nyumbani kwako vinavyoweza kutumika katika tiba kwa vitendo.

4. Mtoto anayeziba masikio au anayejigonga ukutani tumsaidieje bila kumpiga?

5. Akina baba wa kijiji hiki wanaweza kutengeneza nini kabla ya mwezi huu kwisha?